Mwamba Ngoma na Ngozi Yake: Uhakiki wa Kuaminika kwa Majarida Yanayohamasisha Kustaafu Ughaibuni

Ikisiri

Makala hii inahakiki majarida yanayowahamasisha wastaafu wa nchi tajiri kuhamia nchi zenye gharama nafuu za maisha. Jarida la International Living, lililoanzishwa mwaka 1979, limeteuliwa kuwa kielelezo kikuu kwa sababu ya umri wake na kwa sababu ya fahirisi yake ya kila mwaka inayopanga nchi bora za kustaafia. Uhakiki umetumia vigezo vinne: maslahi ya mchapishaji, ushuhuda, hali ya msomaji na muda. Inabainishwa kwamba udhaifu mkubwa wa majarida haya hautokani na takwimu za uongo. Unatokana na muundo wa usimulizi, ambao humwonesha mstaafu anapowasili na kumwacha kabla hajazeeka. Kwa hiyo, majarida haya yanaweza kuaminiwa kama chanzo cha maswali, lakini hayatoshi kuwa msingi wa uamuzi.

1.0 Utangulizi

Kustaafu kuna sifa moja inayokutofautisha na maamuzi mengine ya kiuchumi: makosa yake ni magumu kusahihishwa. Kijana aliyenunua kiwanja kibovu anaweza kufanya kazi miaka mingine kumi akafidia hasara. Mzee wa miaka 68 aliyeuza nyumba yake, akahamisha akiba yake yote na kununua makaazi katika nchi asiyoijua lugha yake, hana miaka hiyo. Kwa sababu hiyo, maandishi yoyote yanayomshauri mzee huyo auze na ahame yanastahili kupimwa kwa mizani kali kuliko ile inayotumika kupimia tangazo la sabuni au la simu.

Maandishi ya namna hii yamekuwepo kwa miongo kadhaa, hususani nchini Marekani na Uingereza. Wasomaji wake wakuu ni watu wa tabaka la kati ambao pensheni zao hazitoshelezi maisha waliyoyazoea nyumbani, ila zingetosha, na pengine kusaza, huko Panama, Costa Rica, Meksiko, Ekuado, Ureno au Thailand. Wataalamu wa sayansi za jamii wamewachunguza wahamaji wenyewe. Russell King, Tony Warnes na Allan Williams, katika kitabu chao Sunset Lives (2000), waliwaangalia wastaafu wa Kiingereza waliohamia Toscana, Malta, Costa del Sol na Algarve. Matthew Hayes, katika Gringolandia (2018), aliwachunguza watu wa Amerika Kaskazini waliohamia mji wa Cuenca nchini Ekuado. Makala hii inaelekeza jicho kwenye matini inayowatangulia wahamaji hao, yaani jarida wanalolisoma kabla ya kufunga mizigo.

Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: msomaji atajuaje kiasi cha imani anachopaswa kuliwekea jarida la aina hii? Jibu la haraka ni kukagua kama taarifa zake ni za kweli. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Kama itakavyooneshwa, jarida linaweza kuandika sentensi mia moja, kila moja ikawa ya kweli, na bado likampotosha msomaji kwa jinsi lilivyozipanga na kwa yale liliyoyanyamazia.

2.0 Vigezo vya Uhakiki

Wahenga wa Waswahili walikwishalitafakari tatizo la kumwamini msemaji mwenye lake jambo. Methali zao nne zinatoa vigezo vinavyofaa kuhakiki matini hizi.

Kigezo cha kwanza ni maslahi: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii haisemi kwamba mwamba ngoma ni mwongo. Inasema tu kwamba mkono wake una mwelekeo, na anayetazama hana budi kuujua. Kigezo cha pili ni ushuhuda: asifuye mvua imemnyea. Sifa huwa na uzito ikiwa msifuji ameyapitia anayoyasema. Kigezo cha tatu ni hali ya msomaji: usisafirie nyota ya mwenzio. Nahodha aliyefika salama kwa nyota yake hawezi kuwadhamini wote watakaong’oa nanga baada yake. Kigezo cha nne ni muda: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukarimu wa siku za mwanzo hauwezi kuwa kipimo cha maisha ya siku zinazofuata.

Ipo methali ya tano ambayo wengi wangeitanguliza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Makala hii haikuitumia kama kigezo, kwa kuwa kuitumia kungekuwa kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Nchi inaweza kuwa njema kwa wastaafu na bado ikahitaji kutangazwa, kwa sababu tu mzee aliyeko Ohio au Leeds hana njia nyingine ya kuisikia. Kujitembeza peke yake si hatia.

3.0 Mchapishaji na Maslahi Yake

Jarida la kawaida la habari huuza vitu viwili: nakala na nafasi za matangazo. Jarida la kuhamasisha kustaafu ughaibuni huuza zaidi ya hivyo. International Living, kwa mfano, pamoja na usajili wa jarida lenyewe, huuza miongozo ya nchi mbalimbali na tiketi za makongamano, na huwafikishia wasomaji wake matangazo ya wauzaji wa nyumba na viwanja. Jambo hili halifichwi, na mtu yeyote anayelisoma jarida hilo kwa makini hulitambua.

Hata hivyo, uwazi huo hauondoi mwelekeo wa mkono. Katika mfumo huu makala ni mlango wa duka. Msomaji anayehitimisha kwamba afadhali abaki nyumbani kwake hana sababu ya kununua mwongozo wa nchi, wala kuhudhuria kongamano, wala kutazama viwanja. Kwa hiyo hitimisho moja kati ya mawili halina faida kwa mchapishaji. Matini ambayo uchumi wake unategemea jibu la “ndiyo” haiwezi kutarajiwa kutafuta “hapana” kwa bidii ileile.

Athari ya maslahi hayo huonekana zaidi katika kipimo cha maneno kuliko katika uongo wa wazi. Faida hupewa aya, hatari hupewa sentensi. Faida husimuliwa kwa mifano ya watu wenye majina na sura, ilhali hatari hutajwa kwa ujumla, kwa ushauri wa kumwona mwanasheria. Mhakiki anayetaka kupima mwelekeo wa toleo fulani anaweza kuhesabu aya hizo yeye mwenyewe. Zoezi hilo halihitaji utaalamu wa fedha.

4.0 Fani: Nafsi, Wahusika na Mandhari

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuitazama fani kama chombo kinachobeba maudhui. Katika matini hizi, fani ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya ushawishi.

Kipengele cha kwanza ni nafsi. Makala nyingi za aina hii humsemesha msomaji moja kwa moja kwa nafsi ya pili. Msomaji haambiwi kwamba wapo watu wanaokunywa kahawa barazani huku wakiitazama bahari. Anaambiwa kwamba yeye ndiye anayekunywa. Mbinu hii humtoa katika nafasi ya mpimaji na kumweka ndani ya hadithi kama mhusika mkuu. Aliyekwisha kuwa mhusika huona vigumu kuuliza kama hadithi ni ya kweli, kwa maana kuuliza hivyo ni kujitoa mwenyewe barazani.

Kipengele cha pili ni wahusika. Mhusika wa kawaida ni mume na mke wenye afya, waliostaafu karibuni, waliohamia nchi husika miaka michache iliyopita. Husimulia kwa nafsi ya kwanza, hutaja walichokuwa wakikitumia kwa mwezi nyumbani na wanachokitumia sasa. Kwa kigezo cha pili, ushuhuda wao ni halali: wanaisifu mvua iliyowanyea. Tatizo ni namna mashahidi walivyopatikana. Aliyeshindwa na kurudi kwao hayupo tena mahali ambapo mwandishi wa jarida anakwenda kutafuta mahojiano. Mjane aliyebaki peke yake katika mji ambao marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akiijua lugha yake hapatikani kwenye mkusanyiko wa wageni pale mkahawani. Ukweli wa kila shahidi hauwezi kufidia kasoro ya kuwasikiliza waliobaki tu.

Kipengele cha tatu ni mandhari. Hadithi hizi hutokea asubuhi, sokoni, pwani, au mezani pamoja na marafiki. Ni nadra kutokea usiku katika chumba cha dharura, katika ofisi ya kodi, au benki ambako fedha zimezuiwa kwa kukosa hati. Mandhari hizo ni sehemu ya maisha ya mstaafu yeyote, ndani au nje ya nchi yake. Kukosekana kwake katika matini ni uteuzi, na uteuzi ni kauli.

Kipengele cha nne ni matumizi ya tarakimu kama taswira. Kiasi cha fedha kinachotosheleza watu wawili kwa mwezi hutokea mara kwa mara katika vichwa vya makala, mithili ya kibwagizo cha wimbo. Tarakimu hiyo ina sura ya takwimu ila inafanya kazi ya taswira: inaamsha hisia ya unafuu kabla msomaji hajauliza kama ndani yake mna bima ya afya, nauli ya kwenda kuwaona wajukuu, ada za ukaazi na kodi ya nchi alikotoka. Raia wa Marekani, kwa mfano, hutakiwa kutoa taarifa ya mapato yake kwa mamlaka ya kodi ya nchi yake popote anapoishi duniani. Bajeti isiyotaja jambo hilo inaweza kuwa sahihi katika kila mstari wake na bado ikawa pungufu.

5.0 Fahirisi ya Mwaka na Udhaifu wa Wastani

Sehemu ya International Living inayonukuliwa zaidi na vyombo vingine vya habari ni fahirisi yake ya kila mwaka. Nchi hupewa alama katika vipengele kama vile makaazi, gharama za maisha, huduma za afya, hali ya hewa, viza na manufaa ya wastaafu, kisha alama hizo hugeuzwa kuwa nafasi. Maoni ya waandishi wanaoishi katika nchi hizo huchangia alama. Hili ni jambo la kupongezwa kwa upande mmoja, kwa kuwa mwenyeji wa mahali hujua yasiyomo katika majedwali. Kwa upande mwingine, mwandishi huyo ndiye pia anayeandika makala za kuisifu nchi aliyoichagua kuishi.

Washindi wa fahirisi hiyo kwa miaka minane mfululizo wanastahili kutazamwa kwa pamoja. Mwaka 2018 ilishinda Costa Rica, mwaka 2019 Panama, na mwaka 2020 Ureno. Mwaka 2021 ikashinda tena Costa Rica, mwaka 2022 Panama, na mwaka 2023 Ureno. Mwaka 2024 ikawa Costa Rica, na mwaka 2025 Panama. Nchi tatu zilipokezana nafasi ya kwanza kwa mpangilio uleule.

Mzunguko huo hauthibitishi hila, na huenda ukawa sadfa. Unachokithibitisha ni kwamba nafasi ya kwanza haina uzito ambao kichwa cha habari huipa. Panama haikuwa nchi tofauti kwa mstaafu kati ya mwaka 2019 na 2020. Bado ilitumia dola ya Marekani sambamba na balboa yake, na bado ilikuwa na kibali chake cha wastaafu kinachomtaka mwombaji awe na pensheni isiyopungua dola 1,000 kwa mwezi. Kilichobadilika ni mwaka. Jarida la kila mwaka linahitaji mshindi mpya wa kutangaza, ilhali mstaafu huhama mara moja. Kalenda mbili hizo hazilingani.

Udhaifu wa pili ni wa kihesabu. Tuseme nchi moja ina alama 100 kwa hali ya hewa, 100 kwa gharama za maisha na 40 kwa huduma za afya. Nyingine ina 80 kwa kila kipengele. Wastani wa zote mbili ni 80, na fahirisi itaziweka bega kwa bega. Kwa mtu anayehitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, nchi hizo hazifanani hata kidogo, na jua la nchi ya kwanza haliwezi kumlipa kwa upungufu wa mashine. Hapa ndipo kigezo cha tatu kinapofanya kazi. Wastani ni nyota ya mtu asiyekuwepo, na msomaji anayesafiri kwa nyota hiyo anasafiri kwa nyota isiyo yake wala ya mwenziwe.

6.0 Muda: Kuwasili na Kuzeeka

Kigezo cha nne ndicho kinachotenganisha zaidi maudhui ya majarida haya na maisha halisi. Mtu anayestaafu akiwa na miaka 65 anaweza kuishi miaka ishirini au zaidi. Usimulizi wa jarida huishia katika miaka miwili mitatu ya mwanzo, wakati mwili una nguvu, akiba haijaguswa na kila kitu ni kipya. Huo ni wakati wa mgeni wa siku mbili. Jembe huja baadaye, kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni mabadiliko ya sheria. Ureno iliwavutia wastaafu wa kigeni kwa mpango maalumu wa kodi ulioanzishwa mwaka 2009, ambao kwa miaka kadhaa uliziacha pensheni nyingi kutoka nje bila kutozwa kodi nchini humo. Mwaka 2020, mwaka uleule Ureno ilipowekwa nafasi ya kwanza katika fahirisi, waombaji wapya walianza kutozwa asilimia 10 ya pensheni zao. Mwaka 2023, Ureno ikiwa tena ya kwanza, serikali yake ilitangaza kuufunga mpango huo kwa waombaji wapya kuanzia mwaka 2024, pamoja na utaratibu wa mpito. Jarida halikuwa na uwezo wa kuizuia sheria hiyo. Lakini mfano huu unaonesha kwamba manufaa yanayotolewa na serikali huweza kuondolewa na serikali, na kwamba alama ya mwaka huu ni picha ya jana.

Njia ya pili ni mabadiliko ya usalama. Ekuado ilishika nafasi ya kwanza katika fahirisi ya mwaka 2015. Mwaka 2018 kiwango cha mauaji nchini humo kilikuwa takribani watu 6 kwa kila watu 100,000. Kufikia mwaka 2023 kilikuwa kimepita 40. Mwezi Agosti mwaka huo mgombea urais, Fernando Villavicencio, aliuawa kwa risasi, na Januari 2024 Rais Daniel Noboa alitangaza kuwa nchi imo katika mgogoro wa kivita wa ndani. Vurugu hizo hazikuenea kwa kiwango kimoja katika miji yote. Hata hivyo, mtu aliyenunua nyumba mwaka 2015 kwa kutegemea nafasi ya kwanza alijikuta, chini ya miaka kumi baadaye, akimiliki mali katika nchi tofauti na ile aliyosomewa.

Njia ya tatu ni thamani ya pensheni yenyewe. Siku ya kura ya maoni ya Uingereza kuhusu Umoja wa Ulaya, tarehe 23 Juni 2016, pauni moja ilibadilishwa kwa takribani yuro 1.30, kufikia Oktoba ilikuwa karibu yuro 1.10. Mstaafu wa Kiingereza aliyekuwa Hispania alipoteza sehemu ya kipato chake bila kutenda lolote. Aidha, pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa wanaoishi katika baadhi ya nchi tu. Anayehamia Ufilipino huendelea kupata nyongeza, ilhali anayehamia Thailand, Kanada au Australia hubaki na kiwango alichoanza nacho. Kiasi kinachotosha leo kitabaki vilevile baada ya miaka ishirini, huku bei za sokoni zikiwa zimepanda. Makala ya kuisifu Thailand isiyotaja jambo hili mbele ya msomaji wa Kiingereza ina pengo ambalo halizibiki kwa uzuri wa picha zake.

Njia ya nne ni mwili. Medicare, mpango wa bima ya afya ya wazee nchini Marekani, kwa kawaida haulipii matibabu yanayofanyika nje ya nchi hiyo. Mstaafu anayeacha kuchangia Sehemu B ya mpango huo kwa kuwa anaishi ughaibuni, kisha akarudi akiwa na miaka 78 kwa sababu ya maradhi, huongezewa asilimia 10 ya mchango kwa kila miezi 12 kamili aliyokosa kujiandikisha, na nyongeza hiyo kwa kawaida hudumu maadamu anabaki katika mpango. Kwa hiyo nafuu ya miaka ya mwanzo inaweza kugeuka deni la miaka ya mwisho. Kurudi nyumbani ni sehemu ya hadithi ya kustaafu ughaibuni, lakini ni sura ambayo jarida halina sababu ya kibiashara ya kuiandika.

Mifano hii haina maana kwamba kuhama ni kosa. Wapo wengi waliohama wakaishi vyema hadi mwisho. Hoja ni kwamba ushahidi unaotolewa hauhusu kipindi ambacho hatari ipo. Jarida ni shahidi wa kuwasili. Msomaji anahitaji shahidi wa kuzeeka.

7.0 Sauti ya Mwenyeji na Suala la Ardhi

Ukimya wa pili mkubwa katika matini hizi unamhusu mwenyeji. Huyu hutokea kama jirani mkarimu, muuza matunda au mtumishi wa nyumbani mwenye ujira mdogo. Ni mara chache kutokea kama mtu ambaye kodi ya nyumba yake imepanda kwa sababu ya wageni, au kama mpiga kura anayeweza kudai sheria ibadilishwe. Uchunguzi wa Hayes mjini Cuenca unakumbusha kwamba unafuu anaoufurahia mhamaji unatokana na tofauti ya vipato kati ya nchi na nchi. Kinachoitwa bei nafuu na mgeni ni mshahara wa mwenyeji.

Kumnyamazisha mwenyeji ni kasoro ya kimaadili, na pia ni kasoro ya kuaminika. Sheria za ardhi na majengo hutungwa kwa ajili ya wenyeji, na mgeni asiyeisikia sauti yao hatatambua hatari inayomjia. Mwezi Januari 2008, katika eneo la Vera, mkoani Almería nchini Hispania, nyumba ya wastaafu wawili Waingereza ilibomolewa ijapokuwa ilijengwa kwa kibali cha halmashauri ya mji, kwa kuwa serikali ya jimbo ilikipinga kibali hicho. Karatasi waliyokuwa nayo ilikuwa halisi. Walichokikosa ni ufahamu wa mvutano kati ya mamlaka mbili za wenyeji.

Suala hili linaugusa pia upwa wa Afrika Mashariki, ambako Malindi, Watamu, Diani na Zanzibar hutangazwa kwa wageni kama mahali pa kupumzikia uzeeni. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara, Namba 4 ya mwaka 1999, haimruhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji. Andiko lolote linalomwahidi mgeni umiliki wa milele katika maeneo hayo linapingana na sheria, na msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kulikosoa kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji anayenyamazishwa humo. Kwa kusoma jinsi nchi yake inavyosimuliwa, anaweza kukadiria jinsi nchi za wengine zinavyosimuliwa.

8.0 Utetezi wa Majarida na Mipaka Yake

Haki inadai kwamba hoja za upande wa pili zisikilizwe. Kwanza, majarida haya yametoa taarifa ambazo serikali na benki hazikujishughulisha kuzikusanya mahali pamoja: masharti ya vibali, viwango vya pensheni vinavyotakiwa, majina ya miji isiyo maarufu. Pili, yamewapa wazee wenye vipato vidogo wazo kwamba maisha yao hayajafungwa na bei za nchi moja. Wazo hilo lina thamani. Tatu, inaweza kudaiwa kwamba jarida lililodumu tangu mwaka 1979 lisingedumu kama lingekuwa linawadanganya wasomaji wake.

Hoja mbili za kwanza zinakubalika. Ya tatu ina kasoro. Soko huwaadhibu wauzaji wa bidhaa zinazonunuliwa mara kwa mara, kwa sababu mnunuzi aliyeumia harudi. Uhamaji wa uzeeni haununuliwi mara kwa mara. Aliyeumia hugundua jeraha lake baada ya miaka kumi, akiwa mbali, mara nyingi akiona haya kulisema, na nafasi yake katika orodha ya wasomaji imekwishachukuliwa na mstaafu mpya. Vilevile, wasomaji wengi hawahami kamwe. Hulipia ndoto ya kila mwezi, na ndoto haina muda wa kukamilika wala wa kushindwa. Kudumu kwa jarida kunathibitisha kuwa linapendwa kusomwa. Hakuthibitishi kuwa ushauri wake umewafaa walioufuata.

9.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kwamba kuaminika kwa majarida yanayohamasisha kustaafu ughaibuni hakupimwi kwa usahihi wa taarifa moja moja peke yake. Kunapimwa kwa kuuliza nani anavuta ngozi, mashahidi walipatikanaje, bajeti ni ya nani, na hadithi inaishia mwaka wa ngapi. Kwa maslahi, majarida haya yana mwelekeo ulio wazi na unaoweza kukadiriwa. Kwa ushuhuda, yana mashahidi wa kweli walioteuliwa kwa upande mmoja. Kwa hali ya msomaji, wastani wake haumhusu mtu yeyote mahususi. Kwa muda, ambacho ndicho kigezo kizito zaidi, yanashindwa.

Toleo ambalo lingestahili imani zaidi linaweza kuelezwa bila shida. Lingerudi kwa mume na mke waliohojiwa miaka kumi iliyopita na kuripoti walipo, hata kama mmoja wao amefariki au wote wamerudi kwao. Lingechapisha makala za walioshindwa kwa idadi inayolingana na uzito wa jambo. Lingewataja wauzaji wa nyumba wanaolilipa, kwenye ukurasa uleule ambamo mji wao unasifiwa. Lingetenganisha alama ya afya na alama ya hali ya hewa, na kumwachia msomaji kazi ya kuzijumlisha kwa kadiri ya mwili wake mwenyewe.

Hadi toleo la namna hiyo litakapopatikana, mstaafu atafaidika akilisoma jarida ili kuzijua nchi na masharti yaliyopo, kisha alifunge na kuyapeleka maswali yake kwa watu wasiopata chochote kwa jibu lake: mamlaka ya pensheni ya nchi yake, mwanasheria aliyemtafuta mwenyewe, mwenyeji wa mji anaoutamani, na hasa mgeni mwenzake aliyekwisha kukaa huko miaka kumi na mitano. Huyo wa mwisho mvua imemnyea masika na vuli, na jembe amekwisha kulishika.